Kiungo aliyeendelea kucheza akiwa benchi: kisa cha kocha mmoja wa Pemba

Nilikuwa kocha msaidizi wa timu inayozungumzwa hapa. Jina la klabu, majina ya watu, kijiji na msimu nimeviondoa, na mambo machache madogo nimeyageuza ili mtu asitambulikane. Mfuatano wa matukio nimeuacha kama ulivyokuwa. Naandika kwa ajili ya makocha wenzangu, hasa wale waliocheza katikati ya uwanja na sasa wanakabidhiwa timu, na kwa ajili ya kamati zinazowakabidhi.

## Usuli

Nitamwita Kiungo, maana ndiyo nafasi aliyocheza maisha yake yote. Ni mtoto wa Pemba. Alianza kwenye viwanja vya skuli, akachezea klabu ya kijijini kwao, akachukuliwa na klabu ya Unguja, kisha akavuka kwenda Bara alikocheza misimu kadhaa. Jezi ya Zanzibar Heroes, timu ya taifa ya Zanzibar, aliivaa. Goti ndilo lililomtundikisha daluga, mapema kuliko alivyotaka.

Hakuwa mwenye mbio wala mwenye shuti. Alikuwa anaona. Mpira ukiwa bado njiani kumfikia alikuwa ameshageuza shingo mara mbili, huku na huku, na unapotua mguuni pasi imeshaamuliwa. Tena alikuwa anasema. Waliocheza naye wanaikumbuka sauti yake kuliko pasi zake: "Mtu!" "Geuka!" "Unao muda!" Beki mmoja aliyecheza naye aliniambia kwamba kwa misimu mitatu hakuwahi kuhangaika kutazama nani anaingia kutoka pembeni, kwa sababu Kiungo alikuwa akimtazamia. Aliniambia hayo kwa sifa. Wakati ule na mimi niliyapokea kama sifa.

Baada ya kuacha kucheza alisomea ukocha, akapata leseni D ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, na baadaye C, ya juu yake. Klabu yake ya utotoni ilikuwa imepanda Ligi Kuu na kocha aliyeipandisha ameondoka. Kamati ikakaa siku moja tu. Hakuna aliyemuuliza anafundisha vipi, amewahi kufundisha nani, wala anataka timu icheze mpira gani. Jina lilitosha. Mkataba ulikuwa wa mdomo, posho ikatajwa lakini haikuandikwa. Mimi ni mwalimu wa skuli na nilikuwa nikifundisha vijana wa klabu. Nikaambiwa nikae naye benchi.

## Matayarisho ya msimu

Mazoezi yalikuwa baada ya sala ya alasiri, tunafunga kabla ya magharibi. Tangu siku ya kwanza Kiungo aliingia uwanjani mwenyewe. Tukicheza wanane kwa wanane, yeye ni namba sita, kiungo wa mbele ya mabeki, wa upande mmoja. Goti lilimruhusu kutembea na kugeuka, na kwake hayo mawili yalitosha. Timu ilipendeza. Mpira ulizunguka, mabeki walijua wapi pa kusimama, mawinga walipata pasi mpenyezo kabla hawajaomba. Watu wa baraza ya kahawa wakawa wanahamishia mazungumzo yao pembeni ya uwanja wakati wa mazoezi.

Katika mechi za kirafiki alicheza kipindi kimoja kimoja. Tukashinda karibu zote.

Hapa ndipo kosa la kwanza lilipoingia, na sote tuliliona kwa macho na tukalifurahia. Tulikuwa tunaipima timu ikiwa na mtu ambaye hakusajiliwa kuichezea. Kijana aliyetarajiwa kushika namba sita, wa miaka 19, alikaa pembeni wiki zote hizo "anajifunza kwa kutazama." Ana mguu mzuri na akili ya mpira, lakini ni mkimya. Hakuna aliyejua kama ataweza kuongoza watu, kwa sababu hakupewa watu wa kuongoza.

## Mechi za mwanzo

Mechi ya kwanza ilikuwa nyumbani, uwanja mdogo, watu wamejaa hadi kwenye mstari. Kiungo alisimama mwanzo hadi mwisho akiwaelekeza, na sauti yake ilifika kila pembe. Tukashinda.

Kisha tukavuka kwenda Unguja. Kwa timu ya Pemba safari hiyo ni sehemu ya mechi. Mnaamka usiku, mnakusanyana garini hadi Mkoani, mnapanda boti, wengine wanatapika njiani, mnashuka Malindi, na nauli za watu 20 na zaidi zimeshameza fedha ambayo ingelipa posho. Tulicheza uwanja wa Amaan na tukafungwa. Tukafungwa tena. Tukarudi nyumbani tukatoka sare, tukaenda Amaan kwa mara nyengine, tukafungwa matatu.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Kamati ilisema ni safari. Mashabiki wakasema ni beki wa kushoto. Kiungo naye alikubaliana na mashabiki, na nitaeleza sababu yake hapo mbele.

Msimu wa karafuu nao ukatukuta humo humo. Mchumaji hulipwa kwa pishi alizochuma, leo kwa leo, na posho yetu ilikuwa nyuma miezi miwili. Siku nyengine mazoezini tulikuwa tisa. Kiungo hakumkemea hata mmoja. Aliyetoka shambani jioni alimwambia akae, anywe maji, afanye mazoezi ya kunyoosha viungo kisha aende nyumbani. Wapo waliouita ulegevu. Kwa maoni yangu ndilo jambo lililowafanya wachezaji wamsikilize baadaye, alipowataka mambo magumu.

## Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumweka nje beki wa kushoto. Mabao mengi ya vipindi vya kwanza yalipita upande wake, jambo ambalo ni kweli. Akaingizwa mwengine. Mechi mbili baadaye beki wa kulia naye akatolewa, kwa sababu mabao yakawa yanapita kwake, hasa kipindi cha pili. Kila uamuzi ulikuwa na ushahidi wake. Hatukuuweka ushahidi wa mmoja kando ya wa mwengine tukautazama kwa pamoja.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuongeza sauti. Kiungo aliamini wachezaji hawaoni, na katika hilo hakukosea. Dawa aliyoijua ni kuwaambia. Alifikiria hata kunituma mimi upande wa pili wa uwanja niwapigie kelele kutoka huko. Nikamkumbusha kwamba sheria za mpira zinamruhusu mtu mmoja tu kwa wakati mmoja kutoa maelekezo ya kiufundi, na ni kutoka eneo la benchi. Akaliacha.

Wa tatu ndio mzito. Dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu, lilipofunguliwa, kamati ikamwomba ajisajili kama mchezaji. Naye mwenyewe alitamani. Nilimuunga mkono, naliandika hili ili lisibaki juu yake peke yake. Tulijiambia kwamba pointi zinahitajika sasa, na kwamba vijana watajifunza wakiwa karibu naye. Mechi ya kwanza alicheza dakika 60, tukashinda, na mpira ulikuwa ule ule wa mazoezini. Mechi ya pili goti lilimjaa maji kabla ya mapumziko. Alitoka anachechemea, tukiwa sare. Kijana wa miaka 19 akaingia mahali pake mbele ya macho ya kila mtu, na timu ikasambaratika. Tulifungwa manne.

Jioni ile kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Kiungo alikaa barafu ikiwa gotini na hakusema neno. Yule kijana alikuwa analia. Hakuna aliyemwendea, mimi nikiwemo.

## Gatini

Tangu mwanzo wa msimu nilikuwa na daftari. Ni tabia ya ualimu tu: kila bao tulilofungwa nachora uwanja, naweka alama mpira ulikoanzia, ulikopita na nani alikuwa wapi. Usiku ule, kwa kukosa usingizi, nikayachora yote kwenye ukurasa mmoja, na kwa mara ya kwanza nikachora na benchi letu.

Tulikuwa tumefungwa mabao 17. Manne yalitokana na kona na faulo, nikayaweka kando. Katika 13 yaliyobaki, 10 yalianzia upande wa uwanja ulio mbali na benchi. Kipindi cha kwanza upande huo ni wetu wa kushoto. Baada ya mapumziko timu hubadilishana magoli lakini benchi halihami, kwa hiyo upande wa mbali unakuwa wetu wa kulia. Mabeki wawili tuliowatoa walikuwa na kosa moja la pamoja: walicheza pale ambapo sauti haifiki.

Uwanja wa mechi kubwa kwa kawaida una urefu wa mita 105 na upana wa 68. Kocha akisimama usawa wa katikati, kibendera cha kona ya upande wa pili kiko umbali wa mita 86 hivi. Kwenye uwanja wetu mdogo wa nyumbani, na upepo ukiwa nyuma yake, Kiungo alimfikia kila mtu. Amaan, penye njia ya riadha kati ya watazamaji na uwanja, na ngoma zinapigwa, alikuwa akiifundisha nusu ya timu.

Nilimwonesha asubuhi, tukisubiri kupanda boti kurudi Mkoani. Aliutazama ukurasa muda mrefu, akaugeuza juu chini, akauliza bao moja moja lilikuwa la mechi gani. Kisha akasema, "Kumbe bado nacheza."

## Duru ya pili

Aliporudi alifanya mambo ambayo sikuwahi kumwona kocha wa kwetu akiyafanya.

La kwanza, alitoka uwanjani. Mazoezini hakugusa mpira tena. Alisimama nyuma ya goli, pasipo na hamu ya kuelekeza, na siku mbili za wiki alikaa kimya kabisa. Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Mabeki walikuwa wakimgeukia kila mpira ukitoka, wakisubiri. Yeye anatazama chini.

La pili, alirudisha mazoezi kwenye kile alichokuwa akikifanya mwenyewe bila kukifikiria. Alipanga mchezo mdogo wa watu sita katikati ya mraba. Mtu mmoja nje ananyanyua kitambaa cha rangi, na anayepokea mpira lazima ataje rangi aliyoiona nyuma yake kabla ya kuugusa. Asipotaja, mpira unakwenda kwa wapinzani. Hakueleza falsafa yoyote. Baada ya wiki tatu unaona shingo zinageuka zenyewe.

La tatu lilikuwa gumu zaidi, na halimo katika somo lolote la leseni nililolisoma. Namba sita wetu ni wa miaka 19. Beki wa kati ana 31, ana watoto, na kijana yule anamwita kaka ndani na nje ya uwanja. Kwetu mdogo hampigii kelele mkubwa. Kijana alikuwa akiona mtu anaingia nyuma ya kaka yake, na anameza. Mara moja nilimsikia akisema, katikati ya mechi, "Kaka, samahani, nyuma yako," na mpira ulikuwa umeshafika wavuni.

Kiungo hakumwambia kijana "kuwa jasiri." Alikwenda kwa yule mkubwa nyumbani kwake usiku, wakanywa chai, wakazungumza. Siku ya pili mazoezini beki akasimama mbele ya wote akasema, "Kuanzia mstari ule mweupe, huyu ndiye mkubwa wangu. Akiniita kwa jina nitaitika. Tukitoka, atanibebea viatu." Watu wakacheka, na ruhusa ikawa imetolewa na mwenye haki ya kuitoa. Kisha wakakubaliana maneno manne, mafupi, yasiyo na tusi wala amri ya kudhalilisha: mtu, geuka, rudi, moja. "Moja" maana yake gusa mara moja tu uachie.

Wale mabeki wawili wakarudishwa kikosini. Kiungo aliwaomba radhi mbele ya wenzao.

## Matokeo

Tulishuka daraja. Ilikuwa siku ya mwisho, sare, tulihitaji kushinda.

Katika duru ya pili tulifungwa mabao machache kuliko nusu ya yale ya duru ya kwanza. Unguja, tulikokuwa hatujapata kitu, tulileta pointi mara nne. Lakini shimo lilikuwa limeshachimbwa. Kamati ikagawanyika, waliotaka aondoke walikuwa wengi zaidi kwa mtu mmoja. Kwa kuwa mkataba haukuandikwa, hakukuwa na la kudai, na posho ya miezi mitatu ilibaki ahadi. Naamini ulikuwa uamuzi mbaya, na nilisema hivyo kwenye kikao. Walimwondoa mtu wiki chache baada ya yeye kujifunza kazi waliyompa, kwa gharama ya msimu wao wenyewe.

Sasa anafundisha vijana wa chini ya miaka 17 mahali pengine, na anajitayarisha kwa leseni B. Namba sita wetu amechukuliwa na klabu ya Unguja.

## Uchambuzi

Kuna imani kwamba kiungo ni kocha aliyezaliwa tayari. Mifano haikosekani: Guardiola, Ancelotti, Deschamps, wote walicheza katikati. Lakini tazama walivyoingia kazini. Ancelotti alikaa msaidizi wa kocha Sacchi kwenye timu ya taifa ya Italia, wakafika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1994, kabla hajapewa timu yake. Guardiola alianzia timu B ya Barcelona, ikiwa daraja la nne, mwaka 2007. Zidane alifundisha Castilla, timu ya akiba ya Real Madrid, kabla ya kukabidhiwa timu kubwa Januari 2016. Pirlo, ambaye macho yake ya uwanjani hayahitaji ushahidi, aliteuliwa kufundisha vijana wa Juventus mwishoni mwa Julai 2020, na siku chache baadaye akapewa timu kubwa bila kuwa amewasimamia vijana hao hata mechi moja. Alichukua Coppa Italia, akamaliza ligi nafasi ya nne, akaondolewa baada ya msimu mmoja. Sisemi Kiungo ni Pirlo. Nasema wa kwetu na wa kule wote wawili walikabidhiwa timu kwa sababu ya walichokuwa wakikiona wakiwa wachezaji, na hakuna aliyewapa muda wa kujua jinsi ya kumfanya mwengine akione.

Hilo ndilo shina la kisa hiki. Mchezaji anayeona vizuri hajui anaona vipi. Kiungo hakuwahi kufundishwa kugeuza shingo; alidhani kila mtu hugeuza. Alipokuwa akicheza, sauti yake iliziba upungufu wa wenzake, na kwa mchezaji huo ni wema. Alipokuwa kocha wema ule ule ukawadumaza, kwa sababu beki anayetazamiwa hana sababu ya kutazama. Yule beki aliyecheza naye misimu mitatu na kumsifu alikuwa ametupa jawabu kabla ya msimu kuanza.

Kilichofaulu zaidi, kwa maoni yangu, si mazoezi ya vitambaa. Hayo utayapata popote. Ni ile chai ya usiku kwa beki mkubwa. Kocha mgeni angemlazimisha kijana apige kelele, kijana angejaribu, mkubwa angenuna, na chumba kingegawanyika. Kiungo alijua kwamba adabu yetu haivunjwi kutoka chini; inalegezwa kutoka juu, na mwenye umri ndiye anayeilegeza. Wanaotuandikia mitaala ya ukocha wangelifanyia kazi jambo hili. Nusu ya ukimya ninaouona kwenye timu zetu za vijana si woga wa mpira.

Kujisajili kwake dirisha dogo kulitugharimu zaidi ya zile mechi mbili. Kulimwambia kijana, bila neno, kwamba kocha wake haamini kuwa nafasi ile ni yake. Ilichukua wiki nyingi za duru ya pili kulifuta hilo, na sina hakika kama lilifutika lote.

Kuhusu hesabu yangu, mabao 13 si mengi. Inawezekana wapinzani nao waliona tunapolala wakapaelekeza mpira makusudi, na kwamba safari ya boti nayo ilikuwa na sehemu yake. Ninachoweza kusema ni kwamba tulipoacha kutegemea sauti, upande wa mbali haukuwa tena mbaya kuliko wa karibu, na safari ilikuwa ile ile.

Kamati ilikosea mwanzo na mwisho. Mkataba ulioandikwa, wenye msimu mmoja na nusu ndani yake, ungemlinda yeye na ungewalinda wao na hasira ya siku moja. Kumtaka mtu afundishe vijana nusu msimu kabla ya timu kubwa hakuhitaji fedha.

Na kuna kosa langu. Mabao sita ya kwanza kati ya yale 10 nilikuwa nayo daftarini kabla ya dirisha dogo. Niliona kitu kinajirudia. Sikusema, kwa sababu alikuwa amevaa jezi ya Heroes na mimi ni mwalimu wa skuli, na sikutaka nionekane najua mpira kuliko yeye. Nilimeza vile vile kama yule kijana.

Nilimwambia hivyo mwaka jana, tulipokutana Gombani. Hakunijibu. Aliniuliza kama lile daftari bado ninalo, akaliomba aende nalo kwa vijana wake, na mpaka leo liko kwake.